Nsafu za Rangi ya Kiganja

Mti ulio nyuma ya jiko langu si wangu, aliyeuleta Kamina si mimi, na mwenyewe si yule ambaye watu wote walimdhania. Nianze hapo, maana nikianza kwingine nitapotea njiani kama kawaida yangu, na mambo haya nimeyakalia miaka ya kutosha.

Kamina si nchi ya mti huu. Huku kwetu ni nyasi na miombo, na kiangazi kikifika miti inapukutisha majani inabaki mifupa mitupu. Huu haupukutishi. Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inapopasua midomo na vumbi jekundu limepaka nyumba, kuku na watu rangi moja, wenyewe umesimama na majani ya kijani kilichokaribia weusi, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Si mti mkubwa. Umepita paa la jiko kidogo tu. Ukiukwaruza gome unatoa machozi mazito yenye harufu ya ubani uliochanganywa na mafuta ya taa, na harufu hiyo ikishika nguo haitoki kwa sabuni.

Matunda yake yanaitwa nsafu. Watu wa misitu ya Mbandaka wanayala kama sisi tunavyokula muhogo. Yanaanza meupe, yanakuwa mekundu ya kupauka, rangi ile ya kiganja cha mtoto mchanga, kisha yakiiva yanageuka buluu nzito. Hapo unayatia katika maji ya moto kidogo, yanalainika, unatia chumvi, na nyama yake ni ya mafuta kama avoka lakini ina uchachu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Kuonja sikuonja miaka mingi, kwa sababu nsafu za mti huu hazikuiva. Mwaka baada ya mwaka zilifika rangi ya kiganja, zikasimama hapo.

Mimi ni muuza samaki. Babu yangu alitoka Maniema na mizigo ya chumvi akaja mpaka huku, akazaa, akafa, na sisi tumebaki na Swahili yake, sala zake, na tabia ya kuuza chochote. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliuza vitambaa. Mimi nilichukua samaki wa Bukama wanaokuja na treni, nikawauza kwa wake za askari kule kambini, maana lupango letu, yaani kiwanja chetu, liko karibu na uzio wa kambi. Vitambaa vyake vyote vilinuka samaki wangu. Alilalamika miaka thelathini na mitatu, na hakuna siku aliyohamisha hata kipande kimoja.

Mke wa askari ninayetaka kumsema alikuja na ndege ya jeshi kutoka Mbandaka, tumbo liko mbele, na juu ya mapaja amepakata mikebe miwili ya maziwa. Kila mkebe una mche wa nsafu. Mama yake alikuwa amempapasa tumbo akamwambia wako wawili, kwa hiyo akampa miche miwili. Siku ya kwanza kuja kwenye beseni langu alimwinua samaki kwa mkia, akamtazama.

"Mama, huyu alikufaka mwaka gani?"

Nikamwambia, "Kama unataka mwenye kuongea, enda Bukama weye mwenyewe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku ile tulikuwa ndugu.

Alinieleza desturi ya kwao. Mtoto akizaliwa na kitovu kikianguka, wanakizika chini ya mche wa nsafu. Mti unakuwa wa mtoto yule, hata kama udongo ni wa mtu mwingine. Mti ukikauka, watu wanaanza kumwangalia mwenye mti kwa jicho lingine. Na hakuna wa kula tunda lake mpaka mwenyewe ameonja la kwanza. Mapasa, yaani watoto pacha, wana sheria yao juu ya hiyo: aliyetoka kwanza ndiye mkubwa, na mkubwa anatangulia katika kila kitu, kunyonya, kunyolewa, kula. Niliyasikia haya nikiwa nachambua dagaa. Yaliingia sikio hili yakatokea lile, na ningekuwa nimeyashika, ningejiokoa na hofu nyingi.

Alipojifungua nilikuwa pale, nashika taa ya mafuta, maana umeme wa kambi ulikuwa umekatika na mkunga alikuwa mzee wa macho. Wa kwanza alitoka kimya. Mkunga alimgeuza, akampigapiga mgongo, akampulizia, mwisho akanipa mimi. Nilimwosha. Viganja vyake vilikuwa wazi, vyekundu vya kupauka, vidole vimetawanyika kama mtu anayeomba apewe kitu. Nilipokuwa namfunga kitambaa, wa pili akatoka analia kwa hasira. Kwao hawasemi pacha amekufa. Mama yao aliniuliza tu, "Mukubwa alibakia njiani?" Nikamjibu ndiyo.

Yule mkubwa alizikwa mwisho wa kambi, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo askari wanazika watoto wao wachanga, na mche mmoja ukapandwa juu yake. Mche wa pili, wa yule aliye hai, ulikuja kwangu. Nilimwuliza mbona haupandi penye nyumba yake.

"Nyumba ya kambi haiko ya kwetu," akaniambia. "Kesho batatutuma fasi ingine. Weye uko na lupango, weye utabakia."

Tulichimba nyuma ya jiko. Tukazika kitovu, juu yake tukashusha mche na mkebe wake, umetolewa kitako ili mizizi ishuke na mchwa wasiingie kutoka pembeni. Mume wangu alisimama mlangoni akaniuliza kama nachunga mti wa watu au nimeanza kuuabudu. Nikamwambia namwagilia maji tu. Akasema vizuri, basi mwagilia bila kuusemesha.

Mtoto hakutimiza miaka miwili, baba yake akatumwa kazini upande mwingine wa nchi. Wakaondoka wote. Mwanamke yule alinishika mikono miwili, hakuniomba kitu kingine, si salamu, si barua. Aliniomba niangalie mti. "Ile muti iko yeye," alisema. Maneno manne. Na mimi nikaitikia kama mtu anayeagizwa kununua chumvi.

Sasa sikilizeni habari ya mbuzi. Kiangazi kilichofuata nilinunua mbuzi dume kwa ajili ya Idi kubwa. Nilimfunga karibu na choo. Siku moja niliondoka asubuhi kwenda gare, stesheni ya treni, kungoja samaki. Kutoka kwetu mpaka gare ni mwendo mrefu, unabebwa na kinga, baiskeli, na treni yenyewe inakuja inapotaka. Nilirudi jua limeinama. Kamba ilikuwa imekatika, mbuzi amelala mbele ya jiko amekunja miguu, na ule mche, uliokuwa umefika kiunoni kwangu, hauko. Palibaki kijiti cha urefu wa kidole, kimetafunwa, kinatoa machozi. Mdomo wa mbuzi ulinuka ubani.

Nilimwagilia kijiti kile wiki nzima. Kikakauka juu. Na wiki hiyohiyo ikaja salamu: mke wa askari mwingine anatoka huko waliko, atafika Kamina, ametumwa aje auone mti, arudishe habari. Siku hizo simu zilikuwa za wakubwa, habari ziliendeshwa na midomo ya watu. Nilifikiri nitamwambia nini. Nilimwona mwanamke yule kule aliko akimtazama mtoto wake akicheza, kila siku anangoja aanguke, kwa sababu ya mbuzi wangu.

Siku ya Ijumaa, mchana, wanaume wako msikitini, nilichukua beseni la samaki nikapita mlango wa kambi kama kawaida. Nikawauzia watu wawili watatu. Kisha nikaenda mwisho, karibu na uwanja wa ndege. Mche wa yule mkubwa ulikuwa umesimama pale, majani sita, urefu uleule wa ule ulioliwa. Nilipiga magoti nikachimba kwa kisu cha kuparia samaki. Udongo wa kiangazi pale ni mgumu kama tofali, nilidhani nitavunja mizizi. Lakini uliponilegea, mche uliinuka wenyewe. Sikuvuta. Uliinuka kama kitu mtu anachokusukumia kutoka chini, na mikono yangu ilikuwa imefunguka tu kuupokea.

Nikasikia gari ya doria. Nikautia beseni, nikaufunika na samaki, nikaondoka. Shimo sikulifukia. Nawaambia hili kwa sababu ndilo lililonisumbua kuliko mengine.

Nyumbani niling'oa kile kijiti kilichotafunwa, na mkebe wake, na bonge la udongo wake, nikavirusha vyote juu ya ukuta wa nyuma. Huko ni parseli, kiwanja cha mtu aliyehamia Lubumbashi zamani, nayo ina shimo kubwa walilochimba udongo wa matofali walipojenga. Kila mtu anajua mashimo haya, kila lupango linalo, ukimaliza nyumba unatupa taka humo. Kitovu nilikiacha pale pale ardhini. Juu ya kitovu cha aliye hai nikapanda mche wa aliyebaki njiani. Mjumbe yule alifika Jumapili, akauzunguka, akasema umekua upesi, akala samaki, akaenda na habari njema. Mbuzi tulimchinja siku ya Idi. Mume wangu aliuliza mara tatu kwa nini sili nyama.

Mti ulishika. Haukuwahi kuugua, haukuwahi kuomba maji. Kitu kimoja tu: ulikua umeinamia ukuta wa nyuma, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Nilijaribu kuunyoosha kwa kamba, ukakata kamba.

Mwaka wa nane ukazaa. Zilitoka nyingi, zikafika rangi ya kiganja, nikangoja buluu. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Zikaanza kuanguka. Zilipenda kuanguka saa sita mchana, jua wima, mtaa umelala, unasikia bati la jiko linagongwa mara moja, kisha kimya, kisha mara moja tena, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi na hajibiwi. Nilipasua moja. Ndani, mahali pa mbegu, hapakuwa na mbegu. Palikuwa na ngozi kavu iliyokunjamana, kama ulimi mdogo. Nikapasua nyingine, na nyingine. Zote hivyo. Ndege hawakuzigusa. Kuku walizizunguka.

Kufika hapo simu zilikuwa zimeingia, na mama wa mapasa alinipigia kila mwezi wa kwanza.

"Iligeuka rangi?"

"Bado."

"Bado tu?"

"Baridi ya huku, mama. Muti ya msitu inaona hata jua ya kwetu iko baridi."

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kinafupika kila mwaka. Ananiambia mtoto amemaliza shule ya msingi, mtoto amekuwa mrefu kumpita baba yake, mtoto ameingia jeshi. Mimi natazama nje dirishani, namwona nani amesimama pale nyuma ya jiko, nasema Mungu amkuze. Nilianza kujua siku ya simu kabla haijalia. Harufu ya utomvu inaingia ndani ya nyumba, inakaa kwenye mito na kwenye maji ya kunywa, na kesho yake simu inalia.

Mume wangu alipokuwa anaelekea kufa hakuwa na homa ya kumchanganya, alikuwa anaongea vizuri, anauliza bei ya vitambaa. Mchana mmoja, amelala ukumbini mlango wa nyuma uko wazi, aliniuliza, "Mbona hamumpi kiti?"

"Nani?"

"Huyo amesimama."

Nikatazama. Mti, jiko, ukuta. Nikamwambia hakuna mtu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfahamu mwongo wake siku nyingi, akageukia ukuta. Alifariki baada ya siku mbili. Sikupata kumwambia.

Basi ndipo nafika mwaka huu. Kiangazi kilichopita, mtu mmoja alikodi ile parseli ya nyuma afyatue matofali. Alikata mbarika na mianzi iliyokuwa imeziba lile shimo, akachoma moto siku tatu, moshi ukaharibu dagaa wangu wote niliokuwa nimewaanika. Niligombana naye juu ya ukuta. Akaniomba msamaha, akaacha mti mmoja tu humo shimoni, wafyatuaji wake wapate kivuli. Niliuona mti ule kichwa chake juu ya ukuta. Nilisema labda avoka, watu wanatupa kokwa hovyo. Kisha mwezi wa tisa nyuki wakaja. Walikuwa wanapita juu ya ukuta, kutoka kule kuja kwenye mti wangu, na kurudi kule, toka asubuhi mpaka jioni, njia moja nyembamba kama uzi, wengine wanaanguka kwenye beseni. Niligombana na nyuki nao.

Mwezi wa kwanza mama wa mapasa alinipigia, sauti si ya kucheka. Kijana ameletwa Kamina kambini kufundishwa, na baada ya majuma machache kikosi chao kinapelekwa mashariki, kwenye vita. "Asiende bila kula ya muti yake," aliniambia. "Hata kama haiivaka. Ale ile nyekundu, ale majani, sijui. Muti imujue." Nikasema sawa. Nikakata simu, nikatoka nyuma ya jiko na beseni kichwani, na beseni likaniponyoka.

Nsafu za tawi moja, lile la upande wa ukuta, zilikuwa zimegeuka buluu.

Nawaambia sikufurahi. Miaka yote yule mkubwa alikuwa amekaa kimya na matunda yake matupu, na sasa ndugu yake amefika Kamina, tena anakwenda mahali pa risasi, na yeye ameandaa meza. Niliona hivyo. Niliona ni mimi niliyewapanga hivyo, na kijana akila hapo anajibu mwito ambao si wa chakula.

Alikuja Jumapili asubuhi na karatasi yake ya ruhusa, gwanda limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mrefu. Alinisalimia kwa kupiga goti moja, akaniita kambo, ndivyo wajukuu wanavyotuita bibi zao huku. Maji yalikuwa tayari yamechemka; mama yake alikuwa amemweleza yeye, na yeye akanieleza mimi, kana kwamba sijui kuchemsha maji. Alivuta lile tawi kwa mkono tu, akachuma tatu, akaziweka kwenye bakuli. Zikabadilika polepole, ngozi ikalegea.

Nikamwambia, "Mwanangu, usikule."

"Kambo, unaogopa nitakumalizia matunda? Nilichuma tatu tu."

"Usikule. Ile muti haiko ya kwako."

Nilimweleza. Mbuzi, kijiti, beseni, shimo. Sikuficha hata samaki niliowauza njiani siku ile. Aliendelea kusimama wima kama wanavyofundishwa, na uso wake ukawa wa yule aliyetoka kwanza, kimya kabisa, mpaka nikatazama pembeni. Nilingoja anitukane. Aliniuliza jambo moja: ile mizizi ya kwake niliitupa wapi.

Nikamwonyesha ukuta. Akauruka. Mimi nilizunguka kwa njia ya watu, uzee una barabara zake. Nilipofika alikuwa tayari chini katika shimo la matofali, amechuchumaa mbele ya ule mti niliouita avoka. Majani meusi, yanang'aa. Hauna tunda hata moja. Vikonyo vya maua vilivyokauka tu, vimejaa ncha za matawi. Na chini kwenye shina, nusu nje nusu ndani ya mti, palikuwa na chuma chenye kutu kimelizunguka kama pete iliyobana kidole. Mkebe wa maziwa. Shina lilikuwa limepasua mshono wake likaumeza upande mmoja. Alikwaruza gome kwa ukucha, akanusa.

"Sasa huyu njo minyi?" aliniuliza bila kugeuka.

"Njo weye."

"Siko na matunda."

"Uko na maua," nikamwambia, na hapo ndipo nilipokumbuka nyuki, na uzi wao juu ya ukuta, wakibeba unga wa maua yake kumpelekea mkubwa.

Alisimama, akapangusa magoti, akauliza ni nani kati yao aliyetoka kwanza. Alikuwa anajua, kila pacha anajua. Alitaka kulisikia kwa aliyekuwepo.

"Yeye," nikamwambia. "Yeye njo mukubwa."

"Basi, kambo, mulikuwa munataka kunipa chakula mbele yake. Mukubwa njo anakulaka mbele." Alisema kwa upole, kama anamrekebisha mtu aliyekosea kuvaa kifungo.

Tukarudi jikoni. Nsafu tatu zilikuwa zimelainika na maji yamekuwa na rangi. Kwa yule mkubwa hakutaka iliyochemshwa. Alichuma nyingine mbichi, buluu, akaifunga kwenye kitambaa, tukaenda kambini, yeye mbele, mimi nyuma na beseni, kwa sababu bila beseni mlinzi hanijui.

Mahali pale sikuwa nimepakanyaga toka ile Ijumaa. Nilidhani sitapajua. Mvua za miaka yote hiyo zimepita juu yake, nyasi zimefika magotini, makaburi mengine ya watoto yamefutika kabisa. Shimo langu lilikuwa wazi. Lina upana uleule wa kisu changu na viganja vyangu, kingo zake kali kama nimelichimba leo asubuhi, chini yake pakavu, na nyasi zimelizunguka bila kuliingia. Kijana alinitazama.

Alipiga magoti akaiweka nsafu ndani. Hakuomba kwa sauti. Alifukia kwa mikono miwili, akapigapiga udongo, taratibu, kama mkunga alivyompigapiga yule mgongo. Kisha tukarudi nyumbani, na ndipo alipokula. Alipasua ya kwanza kwa vidole. Ndani kulikuwa na mbegu, nzito, kijani, imejaa. Akatia chumvi akala yote, akala ya pili, ya tatu akaninyooshea mimi. Ni kweli, ina uchachu.

Kikosi chao kiliondoka baada ya majuma mawili. Siku ileile nilimpigia mama yake kabla hajanipigia, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, na mbuzi pia. Hakunikatiza. Nilisikia jogoo wa kwao akiwika, na nikafikiri simu imebaki mezani peke yake.

"Nani alikula mbele?" aliuliza mwishowe.

"Mukubwa."

Alishusha pumzi. Akaniuliza mti wa shimoni una afya, nikamwambia una afya, na kwamba nimekwenda kwa yule mfyatua matofali, ameniapia hataugusa. Akasema basi. Hajanisamehe, nadhani. Lakini alisema basi, na kesho yake alinipigia tena kuuliza habari za mti huo, na kesho kutwa tena, na hivyo ndivyo tunavyoishi sasa, wazee wawili na simu.

Kijana huko mashariki simu yake haikupatikana. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi nilizunguka kwa njia ya watu kwenda kuutazama mti wake shimoni, majani yake, kama mwanamke yule alivyonifundisha bila kunifundisha. Ijumaa ya nne nilichukua beseni nikapita kambini, nikaenda mwisho, karibu na uwanja wa ndege.

Pale tulipofukia udongo ulikuwa umepasuka. Kitu kimetoka. Sikuwa nimewahi kuona nsafu ikiota kutoka mbegu, nawaapia sikujua inaanzaje; ile miche ilinikuta tayari ina majani. Kilikuwa kiganja. Kidogo, chekundu cha kupauka, kimefunguka juu ya kikonyo chake, kimegawanyika vidole vitano, vimetawanyika. Nilikaa chini na beseni langu. Sikukigusa. Mlinzi alipita, akauliza mama unauza nini huku kwa hawa, nikamwambia leo siuzi.

Nilikuwa bado nimekaa pale simu ilipolia kifuani. Nilinusa hewa kwanza. Hakukuwa na harufu yoyote, ila ya samaki.

"Kambo," sauti ikasema, mbali, na kelele za gari nyuma yake. "Niko muzima. Na yeye?"

Nilitazama kile kiganja kwenye jua.

"Na yeye alifika," nikamwambia.